Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Kuna vitu viwili ambavyo Fundi hakuthubutu kuvigusa hapa duniani: nyaya za umeme wa nguzoni na kitanda cha mama mkwe wake. Nyaya za nguzoni zinaua, hilo halihitaji mjadala. Kitanda kilikuwa na habari yake.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka thelathini na nne mbele ya ubao, na watu wazima wenye vitambi vyao bado walimwita Mwalimu wakaficha sigara mgongoni. Siku alipopata kiinua mgongo chake alinunua gari kuukuu lenye nyumba ndani: jiko la gesi, sinki, friji ndogo, kabati, na huko nyuma kabisa kitanda kilichojengwa juu ya sanduku la mbao. Familia ikalibandika jina la Kobe, kwa kuwa lilitembea na nyumba yake na halikuwa na haraka na mtu. Mwalimu akasema jina limekubalika, na kwamba kobe hata siku moja hajalala nje.

Sasa sikiliza habari ya kitanda. Mwaka ule Fundi alipomuoa binti wa mwisho wa Mwalimu, harusi haijatimiza hata wiki, alitumwa ndani ya Kobe akatafute fyuzi. Akaingia na ovaroli lake la kazini, akatafuta, akachoka, akakaa kidogo. Shuka ilikuwa nyeupe. Aliponyanyuka, ndugu yangu, aliacha makalio mawili ya grisi, yamekaa sawasawa kama mhuri wa serikali. Mama mkwe akaitazama shuka, akamtazama yeye, akasema, "Karibu kwenye familia, baba." Basi! Laiti angemfokea, yangekwisha. Tangu siku hiyo, miaka saba kamili, Fundi hakuvuka kizingiti cha Kobe. Akiitwa husimama chini ya ngazi, mikono nyuma, kama mgonjwa anayengoja jina lake lisomwe.

Jumamosi hiyo asubuhi Kobe alikuwa ameegeshwa uani kwa Fundi, jirani na kibanda anachotengenezea umeme wa magari. Mwalimu alikuwa amefika jana yake. Mabinti wake wawili, mke wa Fundi na Dada Mkubwa, walikuwa wametoka kwenda sokoni, maana mchana familia ingekula pamoja. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anapiga kikombe cha chai aliposikia kutoka uani, tik-tik-tik-tik, kisha kimya.

Roho yake ikashuka mpaka kwenye kandambili. Alijua maana ya kimya kile kuliko mtu yeyote.

Mkewe alikuwa amemweleza yote. Mara tatu katika miezi minne Kobe aliamka amekufa betri. Mara tatu familia ilisema mama amesahau kuzima taa. Dada Mkubwa, karani wa mahakama, mwanamke ambaye hata salamu yake ina tarehe na sahihi, alikuwa ameshaamua: leo baada ya chakula atamwomba mama ufunguo wa gari. Hakuwa mbaya, Dada Mkubwa. Alikuwa anaogopa. "Leo amesahau taa," alisema, "kesho atasahau gesi." Ukimsikiliza, utaona mantiki yake.

Mwalimu alishuka kwenye ngazi za Kobe, koti la sufu juu ya gauni la nyumbani, miwani puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kobe hataki kuamka." Akageuka kutazama getini, kisha akashusha sauti. "Nataka unijibu swali moja. Unijibu kama fundi, usinijibu kama mkwe. Nimeanza kuchanganyikiwa?"

"Mama! Nani kasema?"

"Hakuna anayesema. Wananitazama tu." Akatoa mfukoni daftari la mistari ya mraba, lile la wanafunzi wa hesabu, akampa. "Soma."

Fundi akafungua. Mwandiko ulikuwa mzuri kama wa ubaoni. Jumatatu, taa za mbele nimezima. Nimerudi, nimehakikisha. Jumanne, taa za mbele nimezima, taa ya mlango nimezima, nimerudi mara mbili. Jumatano. Alhamisi. Kurasa na kurasa, kila siku ya miezi mitatu. Ya jana ilikuwepo: nimezima, nimehakikisha, nimehakikisha.

"Kama nimezima," alisema Mwalimu, "betri imekufaje? Na kama sikuzima, basi naandika vitu ambavyo sikufanya. Hilo ni baya zaidi. Jawabu lolote kati ya hayo mawili, mabinti zangu wakirudi saa saba sina la kuwaambia."

Fundi akamrudishia daftari. Akachukua mita yake ya kupimia umeme, akafungua boneti, akagusisha nyaya zake kwenye betri ya injini.

"Volti kumi nukta moja, mama."

"Kati ya ngapi?"

"Ikishiba ni kumi na mbili na ushee. Hii imekunywewa usiku kucha."

"Imekunywewa na nani?"

Hapo sasa. Fundi akajikuna kisogo. Magari ya namna ile huwa na betri mbili. Moja ya kuwashia injini, nyingine ya mambo ya ndani: friji, feni, taa za chumbani. Ya pili alijua ilipo. Alijua tangu siku ya kwanza.

"Mama, kuna betri nyingine. Ya ndani. Ingefaa tuipime na yenyewe. Iko huko... huko nyuma... mahali pa kupumzikia."

"Chini ya kitanda changu?"

"Sikutaka kukitaja."

"Basi ingia uipime."

"Mama, mimi kuingia humo siwezi."

"Huwezi kwa nini? Una mguu mbovu?"

"Ile shuka, mama."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Shuka ya mwaka ule? Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, na mvua inanyesha. Ulikuwa unatafuta fyuzi ya ampea kumi na tano, ukapata ya ishirini. Nilimaliza vipande vitatu vya sabuni, na kalio la kushoto halijatoka mpaka leo. Nimeikata vitambaa vya vyombo."

Aibu ilimpanda Fundi, ndiyo, mpaka masikioni. Lakini nyuma ya aibu likaja wazo jingine: hivi mtu wa kumbukumbu kama hii ndiye anayesahau taa?

"Wewe kama huingii, naingia mimi," Mwalimu alisema. "Nipe hicho kidude. Nyekundu wapi, nyeusi wapi?"

Ikawa hivyo. Fundi aliburuta kreti la soda mpaka chini ya dirisha la nyuma, akapanda juu yake, kisha, kwa heshima, akalipa dirisha mgongo. Jirani aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta alimwona fundi mzima amesimama juu ya kreti analihutubia fagio lililotundikwa kibandani, naye akaamua haulizi.

"Ondoa godoro, mama. Kuna kifuniko cha mbao."

"Nimeondoa. Kuna mablanketi. Kuna karatasi za mtihani wa mwisho niliosahihisha, loo, na huyu aliandika pai ni matunda. Kuna sanduku jeusi."

"Hilo ndilo betri. Nyekundu kwenye jumla, nyeusi kwenye kutoa."

Mwalimu akagusisha ncha. "Kumi nukta moja."

"Soma tena, mama."

"Nimefundisha desimali kabla hujaota meno. Kumi nukta moja!"

Fundi akageuka bila kukusudia, akakumbuka, akarudisha uso kwenye fagio. Betri mbili, umri mbalimbali, kazi mbalimbali, na zote zimekufa zikiwa na namba ileile. Haiwezekani, labda ziwe zimeshikana mikono.

"Mama, fikiria mapipa mawili ya maji," alisema. "Moja la kunywa, moja la kufulia. Katikati kuna bomba lenye koki. Injini ikiunguruma koki inafunguka, mapipa yote yanajaa. Injini ikizimwa koki inajifunga, ukifua usiku kucha maji ya kunywa hayaguswi."

"Na koki isipojifunga?"

"Unafua na ya kunywa. Asubuhi yote yako chini, kimo kimoja."

"Kumi nukta moja na kumi nukta moja," alisema Mwalimu polepole. "Koki iko wapi?"

"Ubavuni mwa betri. Kopo dogo la chuma, nyaya mbili nene na mmoja mwembamba. Sisi mafundi tunaliita rilei. Lakini usihukumu kwanza. Tulipime."

Hapo kazi ikapamba moto. Fundi akaruka, akaenda mbele kuvua kichwa cha betri ya injini, akarudi kwenye kreti. Akamwelekeza Mwalimu avue cha ndani, aanze na upande wa kutoa. Mwalimu akagoma mpaka aelezwe sababu. Akaelezwa: gari zima la chuma limeunganishwa na upande wa kutoa, spana ikiteleza upande wa jumla wakati huo itatapika moto. "Haya, hiyo ni sababu," alisema, na spana ikasikika ikifanya kazi, pamoja na pumzi za mtu aliyepiga magoti na kukataa kukiri kwamba magoti yanauma.

"Chomoa ule waya mwembamba. Huo ndio unaoiamrisha koki ifunguke. Umetoka?"

"Umetoka."

"Ufunguo wa gari uko wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Basi koki haina amri yoyote, inapaswa kuwa imefungwa. Zungusha mita kwenye alama ya kengele. Gusa ncha moja kwenye waya mnene wa kushoto, nyingine kwenye wa kulia. Ikikaa kimya ni nzima. Ikilia..."

Piiiiiiiiii.

Sauti ile ilitoka dirishani nyembamba na ndefu, ikaenda mpaka kwa jirani. Mwalimu akaondoa ncha, ikanyamaza. Akarudisha. Piiiii. Akaondoa, akarudisha. Akaigonga rilei kwa mpini wa bisibisi kama alivyoagizwa, akarudisha. Piiiii.

"Imegandana ndani, mama," alisema Fundi. "Imeungua ikashikana, haiachi tena. Friji yako ilikuwa inainywa betri ya injini kila ulipolala. Taa ulizima. Taa ulizima kila siku."

Fundi akasikia mita ikiwekwa chini. Kisha akasikia Mwalimu akijisemesha, taratibu, "Sijachanganyikiwa." Akarudia, "Sijachanganyikiwa mimi," na sauti ikakatika katikati.

Sasa ungedhani Fundi angefurahi. Alifurahi! Lakini alikuwa na jiwe lake kifuani, na akiliacha hapo lingemwozea. Akashuka kwenye kreti, akazunguka, akasimama chini ya ngazi.

"Mama, aliyekuzeesha ni mimi."

Mwalimu akatokea mlangoni, vumbi puani. "Nini?"

"Mara ya kwanza Kobe alipokufa, mliniita. Nilichaji betri ya mbele tu. Nilijua kuna ya pili, nilijua nipime na kule. Lakini ni chini ya kitanda. Nikaona aibu. Dada Mkubwa aliponiuliza kwenye simu shida ni nini, nikamwambia, labda mama alisahau taa." Akainamisha kichwa. "Nilisema labda, mama. Ile labda ilidondoka njiani."

Na mara ya pili walisema vilevile, na mara ya tatu, na fundi wa familia hakubisha. Nani abishe, wakati neno lilikuwa lake?

Mwalimu akapangusa vumbi puani. "Yaani miezi mitatu naamka kukagua taa kama mlinzi, kwa sababu mkwe wangu aliogopa shuka?"

"Ndiyo, mama."

Alianza kutikisika mabega. Fundi akadhani analia, akataka kukimbilia maji. Kumbe mama wa watu anacheka! Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, Kobe akayumba kwenye springi zake, akavua miwani akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha vyombo, na sina haja ya kukuambia kitambaa kilitokana na nini.

"Sifuri," alisema alipopata pumzi. "Sifuri juu ya mia, kwa kalamu nyekundu. Lakini mwanafunzi anayekiri kosa huwa nampa mtihani wa marudio. Una rilei nyingine?"

Alikuwa nayo kibandani, mpya, bado kwenye boksi. Alikuwa pia na betri iliyojaa chaji, akaifunga mbele badala ya ile iliyokufa. Rilei aliifunga Mwalimu mwenyewe, kwa magoti yake, huku Fundi akiliambia fagio nati ipi ianze. Walipowasha, Kobe alikohoa mara moja akaunguruma, na ndani ya sanduku la mbao kikasikika kitu kikisema ta! Wakaiacha injini ingurume saa nzima, betri ya ndani ipate cha kushiba. Wakazima. Ta! tena, koki ikajifunga. Mwalimu akapima mbele, akapima nyuma, namba zikawa mbili tofauti, akazibusu hewani kama watoto wa shangazi.

"Itatosha?" Fundi aliuliza. "Wakirudi tuwaeleze?"

"Kueleza?" Mwalimu alisema. "Wanangu nawajua. Ukiwaeleza watasema mkwe ananitetea. Hawa wanataka kuona hesabu imefanywa." Na akatabasamu lile tabasamu la asubuhi ya mtihani, ambalo vizazi vitatu vya wanafunzi waliliogopa. Akaingia ndani, akawasha kila taa ya mle ndani, feni akaifungulia mwisho, akafunga mlango, akaenda kunawa mikono.

Mabinti walirudi, meza ikaandaliwa barazani. Walikula vizuri, mimi sina neno na chakula. Ni Fundi peke yake aliyekuwa anazungusha tonge mdomoni kama mtu anayetafuna barua. Saa nzima ilipita, na nusu juu yake. Ndipo Dada Mkubwa alipoinua macho kuelekea uani, akaweka kijiko chini.

"Mama. Kobe anawaka taa."

"Ehe?"

"Zote. Mchana kweupe. Na feni inazunguka." Sauti yake haikuwa na ushindi hata kidogo. Ilikuwa na huzuni, na mdogo wake, mke wa Fundi, akatazama sahani. "Mama yangu, hatusemi kwa ubaya. Umesahau tena. Tunakupenda, ndiyo maana tunaomba." Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. "Naomba ufunguo."

Mwalimu akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kitu, akakiweka kwenye kile kiganja, akakikunjia vidole vya binti yake mmoja mmoja.

Dada Mkubwa akafungua mkono. Ilikuwa rilei, nyeusi, imeungua ubavuni, inanuka moshi.

"Aliyechanganyikiwa ni huyo," alisema Mwalimu. "Mpeleke mahakamani."

"Hiki nini?"

Fundi akasimama. Dada Mkubwa naye si wa kuchezea. Lakini alisimama. "Shemeji, ile ya taa niliisema mimi, na nilisema bila kupima. Mama hajasahau taa hata siku moja. Niliogopa kitanda." Mkewe akamgeukia kwa macho ya mtu mwenye maswali mengi ya baadaye. Akaendelea hivyohivyo, akaeleza mapipa mawili, koki, kumi nukta moja na kumi nukta moja. Alipokwama kwenye waya mwembamba, Mwalimu akammalizia, neno kwa neno, na akamsahihisha mahali pawili.

"Maneno matupu hayawashi gari," alisema kisha, akiinuka. "Twende."

Wakasimama wote uani. Taa za Kobe zilikuwa zimeanza kufifia, feni inajivuta. Mwalimu akapanda, akafunga mkanda, akatia ufunguo. Dada Mkubwa alikuwa ameikumbatia rilei kifuani bila kujijua, na midomo yake ilikuwa inasema, jamani iwake, jamani iwake.

Injini iliwaka papo hapo. Hata haikukohoa.

Mke wa Fundi alipiga kigelegele, na jirani wa upande wa pili, aliyekuwa ameteseka tangu asubuhi kwa kutoelewa, naye akapiga chake bila kujua ni cha nini. Mwalimu alitoa kichwa dirishani.

"Mkwe! Sinki langu linavuja. Nikirudi, utaingia ulitengeneze. Kwa mguu wako, mlangoni, kama binadamu. Siku hizi natandika shuka za kahawia." Kisha akamrushia Dada Mkubwa lile daftari. "Na hilo liweke kwenye mafaili yako. Mimi kazi nalo imekwisha."

Akapiga honi mbili, Kobe akatoka getini kwa mwendo wake uleule wa kutodaiwa haraka na mtu.

Dada Mkubwa akafungua daftari akiwa amesimama. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili. Alipofika wa kumi alikaa chini kwenye kreti la soda. Nimezima, nimehakikisha. Nimezima, nimerudi, nimehakikisha. Fundi hakujua aondoke au abaki, akabaki. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa leo, kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, saa saba mchana. Taa zote nimewasha. Makusudi.

Dada Mkubwa alipasuka kicheko huku machozi yanamtiririka, akatoa simu akampigia mama yake hapohapo. Iliita mpaka ikakata. Mwalimu hapokei simu akiwa barabarani.